Vitovu Kumi na Saba

Mama, lete unga. Si wa sembe, wa ngano.
Leo Kirumba tunakula kama Telavi.

Nguruwe Mama Shija hali,
basi nimesaga ng'ombe, kitunguu, giligilani,
na maji kidogo ya chumvi
ili kila fungu lichemke na kisima chake tumboni.
Mikunjo kumi na tisa, Bebia Nazibrola alinifundisha.
Yangu inafika kumi na mmoja, inachanika.
Angeninyang'anya unga, angenipa viazi nimenye.

"Mwaka mzima," anasema Mama, anakanda,
"mwaka mzima unafua mashuka ya wazee wasio wako,
wala hawakukupa hata senti."

Walinipa, Mama.
Soksi za sufu jozi moja,
zimelala kabatini kwenye joto hili
kama paka wawili wasio na kazi.
Na neno.

Asubuhi ya kwanza theluji imeziba mlango,
bibi akachungulia jikoni: *dila mshvidobisa.*
Nikasikia dila tu.
Ulimi ukanitoka mbio: mwadila!
Kumbe dila yao ni asubuhi
na yetu ni ya mchana, jua likisimama juu ya mawe.
Nililia kidogo, nikasingizia kitunguu.
Kitunguu hakikuwapo.

Zaza, mjukuu wake, aliniuliza
ziwa lenu kubwa kiasi gani.
Tukapima kwa uzi wa kufumia, kwenye ramani ya shule:
nchi yake yote ingetumbukia ziwani
ikajaa pomoni,
vilele tu vingebaki nje
kama mawe ya Kapripoint,
na mnandi juu yake wakianika mbawa.
Hakunisemesha siku mbili.

Mvinyo wao wanauzika, Mjomba.
Mitungi mikubwa kuliko mimi, imefukiwa hadi shingoni,
unatembea juu yake hujui.
Na mezani hakuna anywaye kimya.
Anasimama mmoja, anaipa glasi sababu:
ya kwanza amani,
nyingine kwa waliotangulia, nyingine watoto,
nyingine mgeni,
na mgeni ni mimi, macho yote kwangu,
mikono bado inanuka sabuni ya mashuka.

"Hotuba kabla ya kila funda?" Mjomba Ng'wandu anaguna.
"Bia si itapata moto."
Halafu, kama afanyavyo tangu nimjue,
anainamisha chupa, anamwaga tone sakafuni,
hasemi kitu,
ndipo anakunywa.

Nami niliyekuwa nimesimama na soda yangu
nikiwa na maneno tayari,
nikakaa.

Haya, hinkali haziliwi kwa uma.
Shika hapa juu penye fundo, ng'ata pembeni,
fyonza mchuzi kwanza, Mama Shija, kwanza!
Basi. Leteni kitambaa.
Fundo lenyewe huliachi tumboni, unaliacha sahani,
ndiyo hesabu ya ulizokula.
Wengine kule huliita kofia.
Bebia aliliita kitovu.

Mama Shija amekula vyake vyote, hahesabiki.
Vilivyobaki ni kumi na saba.

Mama hatupi kitu. Ukoko anaukausha,
vichwa vya sangara anavipa jina na siku yake.
Akavikusanya kwenye kanga, kimoja kimoja,
nikadhani ni vya kuku.
Akapita kuku.
Akaenda nyuma ya jiko, kwenye ule mpapai,
alipozika changu,
nikasikia jembe likigonga changarawe.

Akarudi, udongo kwenye kucha.
"Huyo bibi," akasema,
"chake kilizikwa wapi?"

Sijui, Mama.
Sikumuuliza.

Akaniangalia kama mtoto aliyetumwa chumvi
akarudi na chenji peke yake.

"Mwaka mzima," akasema.
"Mwaka mzima, na hukumuuliza."