Soli za Viatu

Dezső kaipata kwa muuza makorokoro, hapa hapa Szeged,
kanda ya zamani, jalada limeliwa na jua.
Ameniletea kama mtu aletaye barua ya deni.
"Unaikumbuka, Piroska?"
Naikumbuka.

Walinzi watatu wa usiku katika kiwanda cha keki:
mmoja haoni, mmoja ana kigugumizi,
wa tatu mtu wa magurudumu, kama mimi.
Wezi wanaingia. Krimu inaruka.
Basi, ndiyo hadithi yote.

Nilikuwa na miaka minane.
Sinemani hapakuwa na pahala pa kiti changu,
wakaniegesha ujiani, karibu na mlango,
na mkata tiketi kila akipita alisonya.
Kiti cha yule bwana kilipoponyoka mteremkoni,
kikammwaga kichwa chini miguu juu ndani ya pipa la krimu,
ukumbi ulipasuka kwa kicheko;
halafu, safu baada ya safu,
vichwa vikageuka kunitazama,
vione kama nacheka.
Nikacheka. Ningefanyaje?
Mama mmoja akanipa peremende.

Watu husema hujafa hujaumbika,
na husema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwangu.
Mimi nilishaumbika.
Nina miaka hamsini na moja, kodi nalipa,
na jirani wa juu namgombeza kwa ajili ya mbwa wake.

Deki inakoroma. Chai inapoa.
Dezső anaangalia zulia, si filamu.
Ni yeye aliyenisukuma siku ile hadi nyumbani,
kando ya mto Tisza, bila neno,
akiyakanyaga madimbwi makusudi.

Lile pipa limefika. Miguu iko juu.
"Simamisha hapo," nasema.
Picha inatetemeka, inatulia.
Tazama soli za viatu vyake:
zimelika kisigino, upande wa nje,
soli za mtu akimbiliaye tramu.
Vyangu nilivinunua miaka mitatu iliyopita,
na chini bado vina karatasi ya bei.

Miaka arobaini na tatu nimembebea yule bwana aibu yake,
kumbe alipomaliza kazi alijipangusa krimu
akaenda zake kwa miguu.

Dezső ananyoosha mkono azime.
"Wacha," namwambia. "Bado giza."
Kwa maana kuna pale asiyeona anapozima taa zote,
na wezi, mabingwa wa kufungua makufuli,
wanagongana vipaji kama mbuzi,
naye anapita katikati yao taratibu,
anafuta meza, anapanga trei,
anamwomba radhi kila anayemkanyaga.

Hapo nilicheka hadi chai ikaingia puani.
Siku ile ya zamani, nakumbuka sasa,
hapo ukumbi ulikuwa kimya.

"Rudisha," nasema.
Ndugu yangu ananitazama kwanza,
aone kama nacheka.