Ramani Nyuma ya Mfuko wa Unga

Saa kumi na nusu, Mikindani haijaamka.
Natia upepo tairi la nyuma nikihesabu:
thelathini, thelathini na moja.
Baisikeli si yangu. Ni ya Shee, ndugu yangu,
anayesimama mlangoni pa hoteli huko Doha.
Miguu iliyopanda Mazeras bila kushuka kitini
sasa inalipwa kwa kusimama.

Aliniachia ramani. Aliichora kwa kalamu ya bluu
nyuma ya mfuko wa unga wa ngano,
na vumbi la unga bado limo kwenye mikunjo.
Hapa malori, shika kando.
Hapa mbwa wa sikio moja, usimkimbie, mwite Afande.
Hapa usikanyage, telemka tu, funga mdomo, wadudu.
Na huko juu duara, ndani yake herufi kubwa: ZIWA.
"Ukifika ziwani," alisema, "nipigie."

Miritini taa za malori zilinichoma mgongo.
Dereva mmoja alipiga honi, si kwa hasira,
nadhani ni kwa kuona dera limekazwa kiunoni
na visigino vya mwanamke vikizunguka gizani.
Mazeras nikakunja kulia. Lami ikawa nyembamba,
minazi ikasogea kunitazama.

Kisha mlima.
Mlima ni deni la duka:
ukidhani umemaliza, linafunguliwa daftari jingine.
Nikaweka gia ndogo, ndogo zaidi,
nikatafuta ndogo ya chini yake, haipo.
Pumzi ikakwaruza kama cherehani yangu ikikosa mafuta.
Nikashuka.
Ndiyo, nilishuka. Nikasukuma mpaka penye mkorosho,
nikatazama nyuma kama mwizi.

Afande alitoka uani akibweka.
"Afande!" Nikaita, sauti ikitetemeka.
Akakaa chini pale pale, kama askari aliyepewa likizo.

Rabai watoto wa shule walinikimbilia,
mmoja na kiatu mkononi: "Mama wa gia! Mama wa gia!"
Halafu mteremko ule wa mdomo kufungwa.
Sikufunga. Nilipiga kelele hadi chini,
nikameza mdudu mmoja, labda wawili.

Ziwa la Shee ni lambo.
Ng'ombe wanane, maji rangi ya chai iliyomwagika,
ukingoni tope limepasuka vipande vipande
na yangeyange mmoja anatembea juu yake
kwa uangalifu, kama anayeogopa kuchafua viatu.
Nilicheka peke yangu.

Chini ya kibanda cha makuti palikuwa na kijana,
beseni la maji, gundi, tyubu zinaning'inia kama utumbo.
Hakunitazama mimi. Aliitazama baisikeli.
"Hii naijua. Ringi ya mbele niliinyosha mimi, Tsuma.
Mwenyewe yuko wapi? Nina deni naye,
thelathini, ya kiraka."

Nikapiga.
Shee alijibu kwa sauti ya chini, ya mtu aliye kazini:
"Mwambie si thelathini. Ni hamsini.
Alinipa na dafu."
Tsuma akaipokea noti, akakuna kichwa.
"Dafu nililisahau," akasema.

"Ziwa limejaa?" Shee akauliza.
Nikatazama tope, nikatazama yangeyange.
"Limejaa mpaka barabarani."
"Na mlima?"
"Mlima gani?" nikasema.
Akacheka kidogo, kicheko cha kuibia.

"Nisikilizishe gurudumu."
Nikaipindua baisikeli, magurudumu juu.
Tsuma akazungusha kanyagio kwa kiganja, akaachia,
nami nikashika simu karibu na njiti:
tiki tiki tiki tiki,
upepo mdogo ukinipiga vidoleni,
na upande wa pili sanduku la mgeni
likiburutwa juu ya marumaru.
Tiki tiki.
Tiki.
Gurudumu likasimama. Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Tena," akasema Shee.