Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya ibada,
mvua ya Mudete ikipiga bati kama mwenye kudai deni,
nilisimama mbele ya vijana kumi na tisa
(ishirini na mmoja, ukihesabu watoto wa Selipha)
nikasoma ripoti yangu ya mwisho.

Miaka tisa. Walinichagua ndevu zangu zikiwa bado tetesi.
Sasa binti yangu huketi safu ya mbele
na kuniita Mwenyekiti kwa utani.
Mchungaji Agesa alilisema kwa upole:
"Ujana, ndugu Kefa, nao una mlango wa kutokea."
Walicheka. Nami nikacheka,
nikachelewa kidogo kuacha.

Nilikabidhi daftari la mahudhurio, jalada lina duara la kikombe;
gitaa la nyuzi tano, wa sita ulikatika
kwenye matanga ya babake Ombima
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kununua mwingine;
sufuria ya chai; shilingi elfu moja mia nne na hamsini;
na deni la viti viwili vya plastiki.

Ufunguo nilibaki nao.
Sikuuficha. Niliusahau tu,
jinsi mtu anavyosahau kitu huku amekishika.

Respah Kageha, fundi wa cherehani pale sokoni,
tepu ya kupimia shingoni hata kanisani,
hakutoa hotuba. Mimi mwaka ule nilikuwa na kurasa tatu
na maono ya miaka mitano.
Yeye alifungua daftari akaita majina,
yote, hata niliyoyakata kwa wino mwekundu.

"Hezron Lugalia."
Kimya.
"Hezron Lugalia,"
kama anayebisha hodi akijua wenyewe wamo.

"Aliacha kuja," nikasema.
"Kwa nini?"

Mvua ingeweza kunisaidia hapo. Ikapungua.

Kwa sababu aliuliza, mbele ya watu, uchaguzi ni lini.
Ni hilo tu. Aliuliza kwa adabu, kofia mkononi.
Nami nikasema tumwombee ndugu yetu, ana roho ya uasi,
nikamweka katikati, tukamwekea mikono,
na sauti yangu ndiyo iliyopanda juu kuliko zote.
Sala ni fimbo pia, ukiishika upande ule.
Alisema amina. Akavaa kofia yake. Akaenda.

Haya sikuyasema. Nilisema, "Sijui."
Respah akaandika kitu pembeni kwa penseli.

Ijumaa mbili sikwenda.
Nilijipa kazi shambani, nikachuma majani chai
hadi yale magumu ambayo kiwanda hukataa,
na upepo ukileta mazoezi ya kwaya vipande vipande,
besi bila sauti ya kwanza.
Mke wangu akasema: "Si uende tu, au unangoja kualikwa?"

Ya tatu nikaenda, ufunguo mfukoni, udhuru mdomoni.
Mlangoni palikuwa na kufuli jipya.
Funguo tatu, niliambiwa: mmoja wa Respah, mmoja wa Ombima,
wa tatu unaning'inia kwenye msumari nyuma ya choo,
wa yeyote atakayewahi kufika.
Miaka tisa nilifika wa kwanza
na nikadhani ni bidii.

Gitaa bado lina nyuzi tano.
Viti bado havijalipwa.
Lugalia hayupo; Respah amepanda kwao mara mbili,
mara ya kwanza akafukuzwa na mbwa,
ya pili akapewa ndizi mbivu na neno "nitafikiria."

Nikaketi nyuma. Kijana nisiyemjua,
viatu vina tope jekundu la Chavakali,
akaniletea daftari na kalamu.
"Karibu, mzee. Wewe ni mgeni?"

Nikatazama ukurasa mpya, mistari yake mitupu,
na jina moja tu lililoandikwa upya kwa penseli.
"Ndiyo," nikamwambia,
nikaandika langu chini yake.