Mkono wa Kushoto

Jumanne, saa kumi na mbili kasorobo jioni,
naingia, Kajetan anatoka.
Ana miaka saba na pengo la meno mawili.
Miguu yake haifiki sakafuni,
vidole vyake hufika popote vinapotaka.
Mimi ni kinyume chake.

Ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Napanda na harufu ya kiwanda shingoni:
kutwa nimefunga milango ya majokofu,
skrubu kumi na nne kila mlango,
mpaka king'ora.
Kisha nafika hapa naambiwa, gusa taratibu.

Bi Bogumiła huanza na karo la jikoni.
Maji ya moto, mpaka viwiko.
Baridi ya Łódź, asema, hulala kwenye kano.
Kuna noti anayoiita *ha*,
anaitamka kama mtu anayepulizia kioo
apate kukifuta.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa kwetu.
Mimi nilishakauka,
tena nilitiwa chumvi.
Nilimweleza hivyo siku ya kwanza
kwa Kipolandi cha kuokoteza.
Akaelewa kwamba nimemletea samaki.
Akaenda kutafuta sahani.

Aliporudi, tukacheka, yeye kwa sababu yake, mimi kwa yangu,
akagonga ubao kwa kucha:
kushoto kwanza.

Bi Bogumiła, hujui unachokiomba.
Huu ndio mkono nilioupigiwa mwiko
siku niliyompa mgeni kikombe kwa huu.
Haulishi huu. Hausalimii.
Haupokei hata chenji.
Umeishi miaka arobaini na mitatu
kama jamaa anayefungiwa chumba cha nyuma
wageni wakija.
Leo unaitwa sebuleni,
unavuliwa glavu mbele ya watu,
unaambiwa: wewe ndiwe utakayebeba nyumba,
huyo wa kulia ataimba tu juu ya paa.

Ulitetemeka. Nani asingetetemeka?

Desemba tukapiga mbele ya wazazi.
Watoto kumi na mmoja, na mimi.
Mama mmoja alinidhania fundi
aliyekuja kukaza nyuzi,
akanionyesha piano ilipo. Nikamshukuru.
Kiti kilikuwa cha Kajetan bado, kirefu mno;
magoti yangu yakagonga ubao, watu wakanyamaza.
Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita.
Kwenye wa tatu mkono wa kulia,
huo uliofunzwa adabu, huo wa kusainia mikataba,
ukasimama katikati ya njia
ukasahau umetumwa nini.

Wa kushoto haukujua.
Ukaendelea peke yake, noti tatu, noti tatu,
kama mtu wa jikoni anayeosha vyombo
hajaambiwa kwamba sherehe imevunjika.
Sijui ni muda gani. Nilimwona Bi Bogumiła
ameshika leso, hapigi chafya.
Noti tatu. Noti tatu.
Mpaka mwenzake akaona haya akarudi.

Bwenini sina piano.
Nimekata boksi la jokofu, nikachora vibonye kwa wino mweusi.
Arobaini tu, kadibodi ikaisha.
Saa tano usiku nafanya mazoezi,
na hakuna jirani wa kugonga bomba.
Ostap, mtu wa Chernivtsi, tunayelala chumba kimoja,
huweka bakuli lake la supu
juu ya noti nyembamba za mwisho
ambazo bado sijazifikia.
Anakula. Anatazama vidole.

"Umekosea," anasema, mkate mdomoni.
"Wapi?"
Ananyoosha kijiko, tone linaangukia wino.
"Hapo. Kushoto."

Narudia.
Anasogeza bakuli.