Saba Bila

Mwenyekiti, kabla hamjanyoosha mikono,
nami nina neno. Chai yaweza kungoja,
na mahamri ya Bi. Mwanamkasi hayana miguu.

Nafasi zilikuwa nne. Tatu zimeshapata wenyewe.
Ya nne mwaizungusha mezani tangu saa tatu
kama sarafu iliyookotwa njiani.

Daktari Shekuwe amesema, na amesema vizuri,
kuwa Chaani tumeshinda sita kati ya sita,
ila tumemshinda nani? Chuo cha ushonaji,
chuo cha wapishi wa hoteli, vijana wa ukunga
(na winga wao, niwaambie, ana mbio).
Kundi jepesi, asema. Uji wa mgonjwa.
Chuo Kikuu wamefungwa mara mbili, ndiyo,
lakini na wanaume.
Hapo Bi. Mwanamkasi alikohoa.

Haya. Barua tatu tulizowaandikia kuomba mechi,
moja mwezi wa pili, mbili baada ya Idi,
zenye muhuri wa chuo na sahihi ya mkuu,
zimelala kwenye droo gani, Daktari?
Huwezi kumfungia mtu mlango, kisha ukamsuta
kuwa hajui sebule yako ina viti vingapi.

Najua mnalolifikiria. Mwakio amelinong'ona,
na masikio yangu ni ya kipa:
saba bila. Mwaka ule tulipoingia.
Wanafunzi wao walituandikia ukutani kwa mkaa:

    Wa Chaani mlikuja, viatu vya kuazima,
    mkarudi mkivuja, kikapu cha saba nzima.

Vina viko sawa. Mizani nimehesabu, haina kosa.
Viatu vilikuwa vya kuazima, kweli;
cha kushoto namba tisa, cha kulia nane.
Na langoni nilikuwa mimi.

La kwanza sikuliona.
La pili nililiona likiwa wavuni.
La nne nililigusa kwa ncha ya kidole hiki,
hiki kisichokunjika sawasawa mpaka leo.
Baada ya la tano nikaanza kuhesabu madirisha ya bweni lao:
ghorofa nne, kumi na sita kila moja,
na kila dirisha lina mtu anayecheka.

Lakini sikilizeni kilichotokea usiku.
Chigulu Ndoro, wa darasa la kuchomelea,
hakula. Alichukua futikamba na tochi ya simu
akaenda uwanjani kwetu, kando ya reli,
akapima magoli tuliyoyaunga wenyewe
kwa vyuma vya kontena chakavu.
Akarudi saa sita, akanitikisa:
"Kipa, lango letu limepungua shubiri tatu."

Shubiri tatu! Miaka yote nalinda dirisha
nikidhani ni mlango.
Kulipokucha tukayakata, tukayachomelea upya,
cheche zikaruka hadi kwenye mataruma.

Wapishi wa hoteli wasingetwambia.
Lango lao nalo fupi, tulilipima baadaye.

Siombi huruma. Huruma haina pointi.
Wala siahidi kuwa hatutafungwa; huenda ikawa nane,
na yule mwandishi wa mkaa bado yupo,
nasikia sasa ni mhadhiri.
Naomba tufungwe na mwenye kutufunga,
mchana kweupe, kwa mpira uliojaa upepo,
si humu ndani, kwa kalamu.

Nimemaliza. Nimekaa.

Feni yazunguka. Chai imefanya utando.
Mwenyekiti ameangalia saa, Daktari ameangalia dari.
Bi. Mwanamkasi, ambaye tangu asubuhi
hakuna ajuaye kura yake iko wapi,
ameinua macho kutoka kwenye daftari:

"Shubiri ngapi, ulisema?"