Kilele cha Mkebe

Mwalimu Mugaruka, miezi saba bila mshahara,
alipanda ngazi za Kadutu chaki mfukoni,
koti lilelile, jeupe upande mmoja.
"Nusu ya nusu?" Mvua ilipiga mabati,
hakutusikia, akauliza tena.
Na tena.

Nilidhani hesabu nimeijua.

Ndipo sokoni nikamwona Mama Nabintu
akijaza maharagwe kwenye mkebe,
akausawazisha kwa kiganja,
kisha, kwa mjane wa kule juu, akaongeza kilele.
"Hicho kinahesabiwaje?" nikamuuliza.
"Hakihesabiwi. Shika mfuko, mtoto."

Leo ni mimi ninayesahihisha madaftari.
Binti wa Bashige amepungukiwa alama moja.
Usiku huu, Bukavu haina umeme;
mshumaa unafupika,
na kalamu nyekundu imesimama
kati ya wale wawili.