Nyumba ya Juu Kabisa

Kwetu Kadutu, nyumba ya juu kabisa,
bomba lilikuwa na tabia yake.
Bondeni wakifua wote, huku juu hupumua hewa tupu,
hukohoa mara mbili, hutema kutu, hunyamaza.
Mama aliweka bidoni chini yake hata hivyo.

Nimelikumbuka leo saa mbili asubuhi
nikiinua kichwa cha kitanda, vidole vinne tu.
Ndani ya pua ya Cirhuza mna uvimbe
uliolewa damu, mwekundu kama moyo wa pera.
Ana miaka kumi na mitano. Shule aliacha
kwa aibu ya kuchafua madaftari katikati ya imla.

Daktari Balagizi si mtu wa maneno mengi.
"Nipe uwanja mkavu, Ntakwinja.
Siwezi kukata nisichokiona."
Na kumpa uwanja mkavu ni kumteremsha mtoto
kwa makusudi, kutoka mia moja na ishirini
hadi pale ambapo siku nyingine yoyote
ningekimbia nikiita watu.

Dawa nimeifunga kwa karatasi ya kung'aa,
ile ya kuokea samaki,
chupa, mpira, sindano, vyote,
kwani haivumilii mwanga.
Na ikizidi, huzaa mwilini
sumu ileile ya muhogo mchungu.
Nililisoma hilo usiku mmoja, mwanafunzi, nikafunga kitabu.
Miaka yote ile Mama akiloweka mihogo siku tatu,
siku nne, akinusa maji, akiyamwaga,
njaa ikimwambia epua, naye: "Bado."
Shangazi wa Burhinyi hakungoja.
Miguu yake ilikakamaa ndani ya wiki moja;
hadi leo anatembea kwa ncha za vidole.

Basi nahesabu matone.
Mia moja. Tisini na tano.
Mishipa inalegea kama kamba ya nguo zilizoloa.
Tisini. Themanini na tano.
"Hapohapo," asema Balagizi. "Naona."

Grupu inanguruma uani.
Yeye anatazama pua.
Mimi natazama nyumba ya juu kabisa.
Maji yanafika huko?
Ubongo ukikaukiwa haupigi kelele,
haugongi sufuria kama akina mama wa Kadutu.
Huzima taa moja, chumba cha nyuma,
labda kile chenye jedwali la kuzidisha,
labda chenye jina la dada yake,
na wewe hutajua mpaka amwite.

Dakika arobaini na moja.
Uvimbe umetua kwenye sahani, mdogo kuliko hofu yetu.
Nafunga dawa. Nalaza kitanda. Tunangoja presha ipande,
kwa sababu mshipa uliodanganya ukiwa chini
husema kweli ukiwa juu.
Mmoja ulisema. Akauchoma.

"Jina lako?"
Kimya.
"Weye, jina lako nani?"
Midomo ikachezacheza. Hewa tupu.
Nikajikuta nimekinga kiganja chini ya kidevu chake,
kama bidoni.
Kikohozi. Kikohozi cha pili,
tone jeusi, rangi ya kutu,
kisha sauti ya mtu aliyekasirishwa:

"Cirhuza. Niko na kiu."